Redio Iliyoandikwa Mbovu

Kikaratasi kilichofungwa kwa uzi kwenye mkono wa redio kilikuwa na maneno matatu: Redio kaseti. Mbovu. Chini yake palikuwa na saini ya komandante na tarehe ya siku tisa zilizopita.

Inspetora Nazira Carimo aliiweka redio mezani, akaikagua kabla ya kuigusa tena. Ilikuwa ya zamani, ya milango miwili ya kaseti, ubavu mmoja umeliwa na kutu ya chumvi. Mlango wa kushoto ulikuwa na kaseti ndani. Utepe wote ulikuwa umehamia upande mmoja. Maana yake ilikuwa imechezwa mpaka mwisho.

"Nani aliiwasha hii?" aliuliza.

Komandante Gracinda, mkuu wa kituo cha Nsangwe, kaskazini mwa Msumbiji, hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Hakuna. Iwashwe ya nini? Mtaa mzima unajua ni mbovu. Inaburuza sauti kama mlevi."

"Kwa hiyo imeandikwa mbovu kwa maneno ya mtaa."

"Imeandikwa mbovu kwa sababu ni mbovu. Inspetora, umetoka Pemba kuja kusaini faili, hukuja kutengeneza redio. Gari linaondoka saa nane mchana na Muzamil anaondoka nalo. Wasikie wale."

Nje ya ukuta wa kituo walikuwepo watu kama arobaini tangu asubuhi.

"Mtoeni! Mtoeni muuaji wa Mwalimu!"

"Muzamil! Mwambie mamako akuangalie vizuri leo, hakuoni tena!"

Faili lilikuwa na kurasa sita. Mwalimu Anuar, mzee wa miaka sabini na mmoja, miguu ilikuwa imemkataa kwenda msikitini. Aliswali nyumbani, na kila siku baada ya alasiri alisoma darsa chumbani kwake peke yake, wanawake wa nyumba za jirani wakimsikiliza kutoka ng'ambo ya ukuta wa ua. Siku ya Jumanne sauti yake ilikatika katikati ya sentensi. Muda mfupi baadaye Muzamil, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye alikuwa ameshuka kwenye lori la Pundanhar dakika chache tu kabla, alionekana akitoka mlangoni mbio. Mwalimu alikutwa mkekani, kilemba chake kimekazwa shingoni. Alizikwa jioni ileile, kabla ya magharibi. Daktari wa karibu alikuwa Palma, na hakuitwa. Saa ya kifo ilijulikana kwa kitu kimoja tu: watu walisikia sauti ya mzee ikikatika.

Muzamil alikataa kusema alifuata nini kwa Mwalimu. Kwenye faili, kukataa huko kuliandikwa kama kukiri.

Nazira alichomeka redio ukutani, akabonyeza kitufe cha kurudisha utepe. Kiliitika. Utepe ulipofika mwanzo, alifungua saa ya kuhesabia kwenye simu yake, akabonyeza kitufe cha kuchezesha.

Sauti ya mzee ilitoka, nzima, ya mtu aliyekaa chumba cha pili. Haikuburuza.

Gracinda aliinua macho.

"Labda imepona," alisema.

"Redio haiponi, komandante."

Aliiacha iende. Komandante alitoka, akarudi, akatoka tena. Mwalimu alieleza masharti ya tayamamu, kujitwaharisha kwa mchanga mtu akikosa maji. Hakukuwa na kelele ya kuku wala mlango. Ilikuwa darsa aliyoirekodi zamani, mdomo karibu na maikrofoni. Ghafla kitufe kiliruka chenyewe, tak, na sauti ikakatika. Nazira aliangalia simu: dakika thelathini na sekunde arobaini. Kaseti yenyewe ilikuwa ya dakika sitini, thelathini kila upande. Redio inayoburuza ingechukua karibu arobaini. Aliandika kwenye daftari maneno ya mwisho yaliyosikika.

Kisha aliomba bisibisi.

Vichwa vya skrubu vilikuwa na kutu, lakini mifereji yake iling'aa. Bisibisi nyingine ilikuwa imepita hapo karibuni. Ndani, kwenye pembe za plastiki, palikuwa na mabaki meusi yenye kunata ya belti ya zamani iliyoanza kuyeyuka. Belti iliyozungushwa kwenye mota ilikuwa mpya, bado ina unga mweupe wa kiwandani. Hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, ilikuwa safi. Rola ya mpira ilikuwa imefutwa kwa spiriti mpaka imepoteza weusi wake. Nyuma ya mota, kwenye kitundu cha kurekebishia mwendo, mtu alikuwa ameziba kwa tone la rangi ya kucha, nyekundu, ili skrubu ya ndani isihame.

"Hii imetengenezwa," alisema. "Na aliyeitengeneza anajua kazi."

"Na Muzamil bado alionekana akikimbia," alisema Gracinda. "Una mpaka saa nane."

* * *

Bibi Chamima alikuwa uani kwake akichambua dagaa kwenye ungo. Ukuta uliotenganisha ua wake na chumba cha Mwalimu ulikuwa wa udongo na mawe, urefu wa kifua.

"Hodi."

"Kama umekuja kumtetea yule, rudi na hodi yako."

"Nimekuja na maswali mawili, bibi."

"Nilishayajibu. Wale wanaume wakaandika. Kusoma huwezi?"

"Nimesoma. Imeandikwa mlimsikia Mwalimu baada ya alasiri. Mlimsikia akianza?"

Chamima alitupa kichwa cha dagaa kwa paka. "Tulikuwa tunaswali. Tulipotoa salamu tukamkuta keshaanza."

"Ndivyo alivyofanya siku zote?"

"Siku zote alitungoja. Anagonga ukuta mara tatu, tukimgongea, anaanza. Akimaliza anaomba dua, na sisi huku tunaitikia amina."

"Na Jumanne aligonga?"

Mikono ya Chamima ilisimama juu ya ungo.

"Hakugonga," alisema.

"Mbona haimo kwenye faili?"

"Niliulizwa? Nimeulizwa nani alitoka mbio. Nikasema."

"Alisoma nini siku ile?"

"Tayamamu."

"Ndipo mlipokuwa mmefika kwenye kitabu?"

"Tulishaipita tangu Rajabu. Mzee yule, karudia. Umkatize wewe?"

"Neno lake la mwisho lilikuwa lipi?"

"Unatafuta nini, binti? Umeolewa wewe? Huna watoto wa kuwapikia?"

"Neno la mwisho, bibi."

Chamima aliweka ungo chini. Alilisema taratibu, kama mtu anayerudia shahada kwa mgonjwa. "'Na ikiwa amepata maji baada ya kuswali, na wakati haujatoka, basi.' Hapo hapo. Kimya. Mwana haramu yule alimkata neno mdomoni."

Nazira alifungua daftari, akasoma kwa sauti. Maneno yalikuwa yaleyale, na yaliishia palepale, kwenye neno basi.

"Nimeyaandika asubuhi hii," alisema. "Kutoka kwenye redio yake."

"Redio yake inaburuza! Watoto wote hapa wanaiigiza!"

"Ilikuwa inaburuza. Ndiyo maana Jumanne hamkudhani ni redio."

Bibi Chamima alisimama. Alikuwa mfupi, na alimsogelea Nazira mpaka harufu ya dagaa ikawafikia wote wawili.

"Unataka kuniambia nilikaa hapa na tasbihi yangu nikimsikiliza mtu aliyekwisha kufa? Mlango ule pale. Toka uani kwangu."

"Bibi, nitahitaji uyaseme haya mbele ya komandante."

"Toka!"

Wanawake wawili walikuwa wamekwisha kusimama kwenye njia ya kutokea. Mmoja alimwaga maji ya kuoshea vyombo, na nusu yake ikaingia kwenye viatu vya Nazira. Hakuna aliyeomba radhi.

* * *

Nsangwe ilikuwa na mafundi wawili. Mmoja alitengeneza simu tu. Wa pili, Mashaka, mtu wa Mikindani upande wa Tanzania, alikuwa na kibanda kando ya barabara ya Namoto. Alikuwa ameinamia feni, chuma cha kulehemu mkononi. Alipoona sare alikirudisha chuma kwenye kishikio, lakini hakusema karibu.

Kwenye rafu palikuwa na redio nne zilizofunguliwa migongo. Nazira aliinua ya karibu, akaielekeza kwenye mwanga. Nyuma ya mota palikuwa na tone jekundu. Ya pili nayo hivyo hivyo.

"Kwa nini unaziba kwa rangi ya kucha?"

"Nizibe kwa nini? Gundi haitoki, kesho mota ikichoka huwezi kuirekebisha tena. Rangi unaikwangua." Kisha akaona alikokuwa anapelekwa. "Rangi ya kucha iko kila duka, mama."

"Ni kweli. Na belti za mraba, nyembamba, zenye unga? Ziko kila duka?"

Mashaka aliichukua ile redio, akairudisha kwenye rafu.

"Hapa watu wanakata mpira wa baiskeli," alisema Nazira. "Sauti inayumba. Ile niliyoiona haiyumbi. Inatoka Mtwara. Mafundi wangapi wa hapa wanavuka mpakani Namoto kufuata belti?"

"Mimi redio ya Mwalimu siijui."

"Sijasema redio ya nani."

"Mji mzima unajua mmeshika redio ya nani! Msinichezee." Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Miaka kumi na minne nipo hapa. Nimekimbia vita na watu hawa, nimelala porini nao, nimerudi nao. Bado mgeni. Akifa mwenyeji, mnaanzia kwa mgeni."

"Nimeanzia kwenye redio. Redio ndiyo imenileta." Nazira alitoa fomu ya maelezo, akailaza juu ya feni. "Naweza kuandika namna mbili. Ya kwanza, redio ilitengenezwa na wewe, ukaikabidhi kwa mtu, mtu huyo anajulikana. Ya pili, redio ilitengenezwa na wewe, na baada ya hapo hakuna anayejua ilipita mkono gani mpaka ikakutwa kando ya maiti. Sina namna ya tatu."

"Roho mbaya unayo."

"Saa sita na nusu sasa. Gari linaondoka saa nane."

Mashaka alitema mate nje ya kibanda. Alipoanza kusema, aliangalia feni.

"Jumatatu kaileta Faizal, mpwa wake Mwalimu. Kasema mjomba kamtuma. Belti imelegea, imeanza kuwa lami. Mota kavu. Mwaka ule tuliokimbia Mwalimu aliifukia mchangani ndani ya gunia, na mchanga wa pwani una chumvi. Nikabadilisha belti, nikatia mota tone la mafuta, nikasafisha hedi. Mwendo naupima hivi: nina kaseti yangu, najua kutoka alama hii mpaka hii ni dakika tatu kamili. Nikaminya skrubu mpaka zikatimia tatu. Hata sekunde haikupungua." Kwa sekunde hiyo sauti yake ilikuwa ya mtu asiye na ugomvi na yeyote. "Ile redio ilikuwa inasema vizuri kuliko ilivyotoka dukani."

"Iliondoka hapa lini?"

"Jumanne, saa nne asubuhi. Nikamwambia Faizal, niache nimpelekee Mwalimu mwenyewe, nikapate dua. Kakataa. Kasema nisimwambie mtu yeyote, anataka mjomba ashtuke."

"Na baada ya mazishi?"

"Kaja hapa. Kasimama hapo uliposimama wewe. Kasema, Mashaka, redio ile hukuiona. Ukiiona wewe, na polisi wataiona karatasi yako ya kukaa iliyokwisha muda."

"Imekwisha?"

"Tangu Februari."

"Saini hapa."

"Nikisaini nani atanilinda? Wewe unarudi Pemba."

"Narudi Pemba. Lakini ukisaini, aliyekuwa nayo wa mwisho ni Faizal. Usiposaini ni wewe."

Mashaka aliisoma karatasi yote, mstari kwa mstari, kwa kidole. Alisaini, kisha akamtupia kalamu kifuani.

"Usipite tena hapa," alisema.

* * *

Faizal hakuhitaji kutafutwa. Alikuwa mbele ya kundi langoni, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, akiwanyamazisha watu pale tu alipotaka wasikike zaidi baadaye. Nazira alimwomba aingie kama shahidi. Aliingia akiwapungia mkono.

Gracinda alikaa na kalamu. Redio ilikuwa mezani, imefunikwa kwa gazeti.

"Jumanne alasiri ulikuwa wapi?"

"Msikitini, safu ya kwanza. Watu sitini wameniona. Wewe, Carimo, huwa unaswali? Au huko Pemba mmeacha?"

"Kabla ya adhana?"

"Natia udhu, kama Waislamu wengine."

"Wapi?"

"Nyumbani kwangu. Peke yangu. Udhu hautiwi na shahidi."

"Redio ya mjomba wako ilikuwa na hali gani?"

"Mbovu. Tangu tuifukue. Muulize yeyote pale nje."

"Uliwahi kuipeleka kwa fundi?"

Faizal alicheka. "Mimi? Na kaseti nani anasikiliza bado?"

"Andika, komandante: hakuipeleka."

Gracinda aliandika. Nazira aliondoa gazeti, akabonyeza kitufe. Sauti ya Mwalimu Anuar ilijaza chumba, na nje, karibu na dirisha, mtu mmoja akaacha kupiga kelele, kisha wa pili. Aliiacha kwa nusu dakika, akaizima.

"Redio hii ilichezwa Jumanne," alisema. "Ilianza wakati wa adhana, wanawake wakiwa kwenye swala, ikaisha yenyewe baada ya nusu saa. Bibi Chamima amesikia neno la mwisho lililo kwenye kaseti, na ameishia pale kaseti inapoishia. Mwalimu hakugonga ukuta kwa sababu hakuwa hai wa kugonga. Aliyekuwa na redio hii siku hiyo ni nani?"

"Yule Mashaka hana hata karatasi ya kukaa," alisema Faizal. "Mtamwamini yeye?"

Kalamu ya Gracinda ilisimama.

"Hakuna aliyemtaja Mashaka," alisema komandante. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku ile kusema neno ambalo halikuelekezwa kwa Nazira.

"Kila mtu anajua fundi ni Mashaka."

"Fundi wa redio ambayo haikwenda kwa fundi," alisema Nazira. "Liandike na hilo."

Faizal aliangalia mlango, kisha dirisha ambalo nyuma yake watu walikuwa wamenyamaza.

"Hata kama ni redio," alisema taratibu, "Muzamil angeweza kuiwasha."

Nazira alifungua faili ukurasa wa nne. "Muzamil alishuka kwenye lori la Pundanhar saa tisa na dakika kumi. Dereva amesema, na abiria watatu. Komandante aliwatafuta mwenyewe ili kuthibitisha kwamba Muzamil alikuwepo mjini. Adhana ilikuwa saa tisa kasorobo. Redio ilipowashwa alikuwa bado njiani, amekaa juu ya magunia ya mihogo."

Gracinda alivuta faili upande wake, akasoma ukurasa alioandika kwa mkono wake mwenyewe. Alisoma mara mbili.

"Kaa hapo hapo," alimwambia Faizal, na akaita askari wawili.

* * *

Muzamil alikuwa amekaa chini kwenye mahabusu, mgongo ukutani. Jicho lake moja lilikuwa bado limevimba tangu siku ya kukamatwa. Watu wa mtaa walimfikia kabla ya polisi. Nazira alimwambia mambo matatu kwa mpangilio: redio, lori, Faizal.

"Sasa sema ulifuata nini kwa Mwalimu."

"Ijumaa ngapi zimepita?"

"Moja."

Muzamil alihesabu kimoyomoyo. "Watu walipokimbia walifukia vitu vyao. Vyombo, cherehani, injini. Waliporudi mashimo matupu. Wakasema ni wale waliotushambulia. Mimi nilichelewa kukimbia, nikamwona Faizal na koleo, usiku tatu mfululizo, nyumba hadi nyumba. Mwalimu alipojua niliona, kaniita kutoka Pundanhar nije niseme Ijumaa msikitini, mbele yake, hata akibebwa, na mbele ya watu. Siku niliyomweleza kanishika mkono nisimwambie mtu kabla ya hapo, asije mtu akaumizwa bila kusikilizwa."

"Ungelisema siku ya kwanza usingelala hapa siku tisa."

"Nilimpa mkono."

"Alikuwa amekwisha kufa."

"Ndiyo. Nilimkuta hivyo, nikakimbia. Kwa hiyo angenifungulia ahadi yangu nani?"

Nazira aliandika maelezo, akamsomea, Muzamil akatia saini. Saa nane kasoro dakika kumi komandante alikuja na funguo. Hakuomba msamaha. Alisema gari litaondoka na mtu mwingine, na kwamba Muzamil atolewe kwa mlango wa nyuma, kwa sababu nje bado hawajaambiwa, na waliokuja kupiga hawachagui.

Muzamil alisimama taratibu, mkono mmoja ukutani.

"Nani alimwosha Mwalimu?" aliuliza.

Gracinda alimtazama Nazira. Hilo halikuwa kwenye faili, lakini mji mzima ulilijua.

"Faizal," alisema komandante. "Ndiye ndugu wa karibu. Yeye ndiye aliyemwosha, akamvika sanda, akashuka naye kaburini."

Muzamil alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei.

"Basi bado hajaoshwa," alisema, akaupita mlango wa nyuma uliokuwa umekwisha kufunguliwa, akaenda kwenye ule wa mbele, walikokuwa watu.